Dawa za nyasi za mapambo: baraza la mji lina uwezo

Ndugu, umeuliza kama baraza la mji linaweza kuzuia dawa za kuua magugu kwenye bustani za majumbani ilhali serikali kuu imekwisha kuzisajili. Nchini Kanada swali hilo lilifika mahakamani. Mji mdogo wa Hudson, jimboni Quebec, ambako daktari wa ngozi June Irwin alikuwa ameishughulikia hoja hiyo kwa miaka mingi, ulipitisha mwaka 1991 sheria ndogo ya kukataza dawa zinazopuliziwa kwa ajili ya urembo tu, bila kuwanyima wakulima zana zao. Kampuni za kupuliza dawa zilipinga, lakini mwaka 2001 Mahakama ya Juu iliamua kwamba usajili wa kitaifa hauuondolei mji haki ya kulinda afya ya wakazi wake; jimbo la Ontario nalo likaweka katazo lake mwaka 2009.

Kwetu Uganda, Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 inayaruhusu mabaraza kutunga sheria ndogo, mradi zisipingane na Katiba wala sheria za Bunge. Mimi naona njia ipo, nami ningependa sana ianzie kwenye viwanja vya shule, kwa kuwa watoto hucheza na kukaa kwenye nyasi hizo, na magugu yake yanaweza kung'olewa kwa jembe. Mpelekee diwani wako hoja hiyo kwa maandishi, ukitenganisha waziwazi nyasi za mapambo na mashamba ya chakula.