Barua kwa mwanangu: asubuhi mashua, alasiri msitu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia. Unauliza, sasa mmehamia karibu na bahari na msitu uko nyuma ya nyumba, mzigawe vipi siku hizi za joto ili watoto wafaidi maji na miti pia, bila kurudi kila jioni wamechoka na kununa. Na unauliza kama ni salama kuwapandisha mashua.

Usipange siku kwa saa ya ukutani. Acha maji na upepo viamue, kisha msitu uchukue muda unaobaki.

Katika pwani nyingi maji hujaa kwa saa 6 na kitu, yakapwa kwa muda kama huo, na kesho yake huchelewa kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo wakati uliowafaa Jumamosi hii hautawafaa Jumamosi ijayo. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana, hupwa sana, na mikondo hupata nguvu. Siku za maji mafu, kati ya bamvua moja na nyingine, ndizo za kuanzia na watoto. Tena maji hayaendi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hujikokota. Saa ya tatu na ya nne hukimbia, na katika saa hizo mbili karibu nusu ya maji yote huwa yamepita. Ukiiacha mashua ukingoni wakati maji yanapwa, mkaenda kuokota makombe, mtarudi muikute imekaa mchangani na maji yako mbali.

Upepo nao una zamu zake. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari. Hewa ya nchi kavu hupaa, na ya baharini huingia kushika nafasi yake. Ndiyo maana bahari iliyotulia asubuhi huchafuka alasiri. Tokeni mapema. Ila ninaouhofia zaidi ni upepo unaovuma kutoka bara. Ukisimama ufukweni utaona maji shwari, maana miti inakukinga, lakini ukishatoka nje unasukumwa mbali na mawimbi yanazidi. Siku hiyo msitoke kabisa. Siku nyingine pigeni makasia kwanza kuelekea upepo unakotoka, ili wakati wa kurudi, mikono imechoka, uwasukume nyumbani.

Jaketi la kuokolea kila mtu avae, na wewe pia, lifungwe kabla ya kukanyaga mashua. Bahari huchelewa kupata joto. Mwanzoni mwa msimu hewa ni ya joto na maji bado ni baridi. Anayetumbukia ghafla hutweta bila kujizuia, na jaketi humweka juu mpaka pumzi itulie. Kwa hili sikubali mjadala, ingawa sasa nawe ni mzazi.

Msitu hauna masharti mengi. Vaeni suruali ndefu, na mkirudi wakagueni watoto kupe: nyuma ya magoti, makwapani, nyuma ya masikio. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumsokota. Baada ya hapo acha watoto waongoze mwendo. Waonyeshe miti ya ukingoni ilivyoinamia bara: upepo wa chumvi huua machipukizi ya upande wa bahari, matawi yakastawi upande wa pili. Waambie watafute mti wa kwanza uliosimama wima. Watakuwa wameingia ndani ya msitu bila kulalamika, na wataona wenyewe kwamba hapo upepo umekatika. Mimi napenda mchezo huo kuliko safari yoyote ya mashua, na nadhani wajukuu zangu wataupenda.

Mdogo aanzie msituni na kwenye maji ya kifundo cha mguu. Mkubwa mfundishe kusoma jedwali la maji kujaa na kupwa, anaweza kabisa. Mwambie anitafutie siku za maji mafu za mwezi ujao, aniandikie tarehe kwa mkono wake, nije.

Mama yako