Udaktari kwa mwenye uoni hafifu: niliyojifunza wadini

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, yakitoka tu, simu huanza. "Daktari, mtoto amepata alama za udaktari lakini haoni vizuri. Tumwambie achukue ualimu?" Wananiuliza kwa sababu nina Stargardt, ugonjwa unaokula katikati ya retina. Pembeni naona, uso ulio mbele yangu ni ukungu. Nambari ya matatu namuuliza makanga.

Mzazi namrudishia swali: kazi gani hasa ndani ya udaktari? Ini lililovimba hupapaswa kwa vidole. Maji yakijaa kifuani, ukigonga unasikia mlio mzito, kama wa kugonga ukuta. Habari za ugonjwa hutoka kinywani mwa mgonjwa. Lakini kushona mshipa au kusoma eksirei kunataka jicho, na anayekuambia mambo yatajipa hakutakii mema. Upasuaji niliufuta mapema. Niko kwenye magonjwa ya akili, ambako kipimo kikuu ni mazungumzo.

Shida ni kwamba hufiki huko kabla ya kupitia kote, kuanzia anatomia hadi wadi ya uzazi. Mhadhiri mmoja aliniambia mbele ya darasa kwamba nitaua mtu. Maneno yaliniuma, ila hofu yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Shika kichupa cha plastiki cha maji ya sindano na kingine cha potasiamu: mkononi vinaweza kufanana kabisa, na potasiamu ikisukumwa haraka mshipani moyo husimama. Kwa hiyo sivuti dawa kwenye sindano kabla nesi hajasoma lebo kwa sauti, nami nikaikagua kwa kamera ya simu. Wenye macho mazima nao wangefanya hivyo.

Kuhusu chuo, usiandike barua ya "naomba msaada". Hakuna mkuu wa kitivo anayejua afanye nini nayo. Omba kitu chenye jina: slaidi za mhadhara siku moja kabla, karatasi ya mtihani ya herufi za ukubwa wa 20, muda wa ziada, darubini yenye kamera inayoonyesha picha kwenye skrini. Taja kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya, kinachompa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha. Wakikuuliza kama jambo hili limewahi kufanyika, watajie David Hartman, kipofu kabisa, aliyehitimu udaktari Chuo Kikuu cha Temple, Marekani, mwaka 1976. Na Tim Cordes, aliyehitimu Wisconsin mwaka 2005. Wote wawili waliishia kwenye magonjwa ya akili, kama mimi.

Kompyuta nayo isikutishe. Programu iitwayo NVDA husoma skrini kwa sauti na ni ya bure. Jifunze kuitumia kabla ya kuripoti chuoni, maana ukishaanza masomo hutapata nafasi. Mwandiko wa madaktari kwenye faili haujapata programu ya kuuweza. Hapo naita mwanafunzi anisomee, naye hukwama vilevile.

Kabla ya yote, mpeleke mtoto kliniki ya uoni hafifu, kwa mfano ile ya hospitali ya macho ya Kikuyu, mpate ripoti inayosema anaona kiasi gani na kwa kifaa gani. Mwandikisheni pia kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu apate kadi. Ripoti iambatane na barua mnayopeleka chuoni, na nakala yako igongwe muhuri na ofisi iliyoipokea.