Usilipie MRI ya kichwa, shika kwanza boksi la dawa za kaka yako

Mkuu, hiyo hela usiitoe. Umeuliza hospitali gani ipige picha ya ubongo wa kaka yako ili ionekane kama ana uraibu wa ngono, na mkewe aambiweje. Hakuna picha ya kuthibitisha hilo. MRI ya kawaida huonesha uvimbe, kiharusi au ubongo uliosinyaa. Tamaa haionekani.

Wanaouza "kipimo cha uraibu" wananiudhi sana, maana wanachukua utafiti wa kweli na kuupotosha. Mwaka 2014 watafiti wa Cambridge waliwalinganisha wanaume 19 wenye tatizo hili na 19 wasio nalo, wakitazama video za ngono ndani ya mashine. Kwa wenye tatizo, striatamu ya chini na amigdala, sehemu za ubongo zinazohusika na hamu na hisia, zilichangamka zaidi. Walizitamani video hizo kuliko wenzao, ila hawakuzifurahia kuwazidi. Huo ni wastani wa kundi. Picha ya mtu mmoja haikwambii yuko kundi lipi, wala kama tofauti hiyo ilitangulia tabia au ilitokana nayo. Daktari hutambua tatizo kwa mahojiano: mtu kushindwa kujizuia kwa miezi sita au zaidi hadi maisha yaharibike. Hatia ya kidini peke yake haitoshi.

Sasa lile ulilolipitia juujuu: anameza pramipeksoli kwa ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa. Hapo ndipo pa kuanzia! Dawa hiyo huiga dopamini, kemikali ya ubongo ya hamu na mwendo, na hushika hasa vipokezi vyake vya aina ya D3, ambavyo vimejaa kwenye striatamu hiyohiyo ya chini. Utafiti wa 2010 wa wagonjwa 3,090 wa Marekani na Kanada uliwakuta 17.1% ya wanaotumia dawa za kundi hili na tatizo la kushindwa kujizuia, iwe kamari, manunuzi, ulaji au ngono. Kwa wasiozitumia ni 6.9%. Ropiniroli nayo imo kundini.

Chukua boksi, andika jina la dawa, miligramu, mara ngapi kwa siku, tarehe alipoanza, tarehe dozi ilipopandishwa, na tabia ilipoanza. Mkewe ndiye atakayekumbuka tarehe hizo. Mpelekee daktari wa mishipa ya fahamu aliyemwandikia dawa hiyo.

Na msimwachishe wenyewe. Ikikatwa ghafla anaweza kukakamaa, kupata homa kali, hofu, jasho na maumivu. Daktari ataipunguza taratibu, pengine akiongeza levodopa, dawa nyingine ya Parkinson.