Kitenzi «get» kisomwe pamoja na neno linalokifuata

Anayetafuta kitenzi cha Kiingereza «get» katika kamusi ndogo aghalabu hukutana na jibu moja, kupata, na kwa sentensi nyepesi kama «She got a letter» jibu hilo linamtosha. Ugumu huanza anaposoma «get tired» au «get paid», ambako kupata hakumfikishi popote. Katika kujifunza kwangu, lililonisaidia kuliko kukariri orodha za maana ni kuuliza, kila nilipokiona kitenzi hiki, kimefuatwa na neno la aina gani.

Kikifuatwa na nomino, huwa ni kupata, kupokea au kwenda kuleta, na hapo sina la kuongeza. Kikifuatwa na kivumishi, huonyesha kuingia katika hali mpya, jambo ambalo Kiswahili hulibeba ndani ya kitenzi chenyewe: «get old» ni kuzeeka, «get angry» ni kukasirika. Kikifuatwa na umbo la tatu la kitenzi kingine, kama «paid» la «pay», mara nyingi hufanya kazi ya kauli yetu ya kutendwa, na ndiyo sababu «get paid» ni kulipwa. Ila «get married» haimbagui mume na mke, hivyo mfasiri hulazimika kuchagua kati ya kuoa, kuolewa na kuoana. Mtu akitajwa katikati, kama katika «She got him to sing», maana hugeuka kuwa kumshawishi au kumfanya atende, na neno «to» halidondoshwi, ingawa kwa kitenzi «make» hudondoshwa: «She made him sing». Muundo huu wa «get» wenye mtu katikati ndio ninaoushauri ufanyiwe mazoezi mengi zaidi, kwa kuwa kichwa kilichozoea viambishi vya Kiswahili hakiutarajii.

Katika daftari, andika sentensi nzima badala ya kitenzi peke yake, ukizipanga kwa miundo hiyo. Usishangae ukikuta «gotten» katika maandishi ya Marekani mahali ambapo Mwingereza angeandika «got». Chagua mtindo mmoja uushike. Katika barua rasmi na insha za kitaaluma, «get» huonekana neno la mazungumzo, kwa hiyo «receive», «obtain» au «become» hufaa zaidi kulingana na muundo uliokusudia.