Orodha Kunjuzi Zinazotegemeana: Namna ya Kuziongoza kwa Msimbo Bila Kumpotosha Mtumiaji

Kazi yangu hapa Tanga ni kutengeneza na kurekebisha fomu za mtandaoni, nyingi zikiwa za usajili: wanachama wa vyama vya wakulima, wagonjwa wa zahanati, wageni wa nyumba za kulala. Karibu kila fomu ina orodha kunjuzi (zile zinazofunguka ukizibofya ili uchague jibu) tatu zinazofuatana, yaani mkoa, halmashauri na kata, na karibu kila fomu ninayoitwa kuirekebisha imeharibikia hapo hapo. Ushauri ninaoutoa kwa vijana wanaoanza kazi hii ni mmoja: msimbo, yaani maagizo ya programu yanayoendesha ukurasa, usibadili chaguo la mtu bila yeye kujua, na ukilazimika kulibadili, sehemu zote za ukurasa zinazolitegemea zipate habari.

Kabla ya kuandika msimbo wowote, ijue orodha yenyewe. Mkoa wa Tanga una wilaya 8 lakini halmashauri 11, kwa kuwa Korogwe na Handeni kila moja ina halmashauri ya mji mbali na ile ya wilaya, na ndani ya Wilaya ya Lushoto ipo pia Halmashauri ya Bumbuli. Mtengenezaji asiyelijua hilo huandika «Korogwe» mara moja tu, na mkazi wa Manundu, kata ya Korogwe mjini, hukosa mahali pa kujiweka. Vilevile, jina linaloonekana kwa mtu lisiwe ndilo linalohifadhiwa. Kata ya Majengo ipo Tanga mjini, ipo Moshi, ipo Dodoma. Ukihifadhi neno «Majengo» peke yake, baadaye hutajua ni ipi. Kila chaguo katika HTML, lugha ya kuandikia kurasa za mtandao, lina sehemu mbili, maandishi yanayosomwa na thamani inayopelekwa kwenye seva (kompyuta inayopokea fomu), nayo thamani hiyo iwe namba ya kata isiyofanana na nyingine. Ikumbukwe kwamba JavaScript, lugha ya msimbo wa kurasa hizo, huisoma thamani hiyo kama maandishi siku zote, hata ikiwa imeandikwa kwa tarakimu. Namba inayoanza na sifuri ukiigeuza kuwa hesabu, sifuri hiyo hupotea na kata haipatikani tena.

Kosa linaloleta madhara makubwa zaidi ni lile lisiloonekana. Chama kimoja cha wakulima wa machungwa wilayani Muheza kiliniita kwa sababu orodha yao ya wanachama ilikuwa haieleweki. Karani wao, mama wa makamo anayewafahamu wakulima wake kwa majina na kwa mashamba, alinionyesha safu ya kata kwenye kompyuta akasema, «Mwanangu, hawa watu nawajua. Huyu ni wa bondeni, huyu naye ni wa bondeni. Nani kawapandisha Amani?» Na kweli, wakulima wengi wa tambarare walikuwa wameandikwa kuwa wakazi wa Amani, kule juu kwenye milima ya Usambara Mashariki.

Sababu yake ilikuwa nyepesi. Orodha ya kuchagua kitu kimoja, ikijazwa upya na msimbo bila chaguo lolote kuwekewa alama, huwekewa chaguo na kivinjari chenyewe: kinachukua chaguo la kwanza ambalo halijazimwa. Kata zilikuwa zimepangwa kwa alfabeti, na Amani ndiyo iliyotangulia. Mtu aliyechagua Muheza kisha akasahau kufungua orodha ya kata aliandikwa Amani, fomu ikapokelewa bila onyo lolote. Hakuna ujumbe wa hitilafu uliotokea, kwa kuwa kwa upande wa kivinjari hapakuwa na hitilafu.

Dawa yake ni kuweka juu ya orodha chaguo lenye maandishi ya kuelekeza na thamani tupu, kisha kuipa orodha nzima sifa ya required, yaani lazima ijazwe. Kivinjari kikikuta thamani tupu katika orodha ya namna hiyo, hakiruhusu fomu itumwe. Kila mara halmashauri inapobadilika, orodha ya kata isafishwe na kuanza upya kwa chaguo hilo tupu:

const kata = document.getElementById('kata');

function jazaKata(orodha) {
  kata.replaceChildren(new Option('Chagua kata', ''));
  for (const k of orodha) {
    kata.add(new Option(k.jina, k.namba));
  }
  kata.disabled = orodha.length === 0;
}

Mstari wa kwanza ndani ya kazi hiyo (function, yaani kipande cha msimbo chenye jina) unaondoa machaguo yote ya zamani kwa pamoja. Naupendelea kuliko kitanzi (msimbo unaojirudia) cha kufuta moja moja, kwa sababu orodha ya machaguo hupungua papo hapo unapoifuta, na kitanzi kinachopanda kutoka sifuri huruka kila chaguo la pili na kuacha mabaki. Mstari wa mwisho unaizima orodha isiyo na kitu. Orodha iliyozimwa haipelekwi kabisa kwenye seva fomu inapotumwa, na sharti la required haliihusu. Kwa hiyo usizime orodha ambayo tayari ina chaguo unalotaka lihifadhiwe.

Kuna wanaoniuliza kama si vema kukumbuka kata iliyochaguliwa mwanzo, ili mtu akihama kutoka Muheza kwenda Pangani kisha akarudi Muheza, aikute kata yake. Mimi napendelea kuiacha tupu. Mtu aliyebadili halmashauri mara mbili bado anatafakari, na kumwomba achague tena ni salama kuliko kumrudishia jibu ambalo huenda hakulikusudia.

Sasa tuje kwenye kuweka chaguo kwa msimbo, jambo linalohitajika zaidi pale unapofungua taarifa za mwanachama wa zamani ili zirekebishwe. Kuandika kata.value = namba kunatosha, lakini kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, kama namba hiyo haimo kwenye orodha, kivinjari hakilalamiki. Kinaacha orodha ikiwa wazi, na selectedIndex, namba ya nafasi ya chaguo, inakuwa -1, yaani hakuna kilichochaguliwa. Kwa hiyo baada ya kuweka thamani, hakikisha kwamba imeshika, na kama haikushika mwambie mtumiaji kwamba kata iliyokuwapo haipatikani. Pili, tukio la change, yaani taarifa ya kivinjari kwamba chaguo limebadilika, hutokea pale mtu anapochagua mwenyewe, si pale msimbo unapobadili thamani. Ukiweka halmashauri kwa msimbo ukitegemea kwamba orodha ya kata itajijaza, utasubiri bure. Wapo wanaolirusha tukio hilo wenyewe kwa amri ya dispatchEvent, na linafanya kazi, ila likitumika ovyo huzaa mzunguko ambamo orodha moja inaiamsha nyingine bila mwisho. Nashauri uwe na kazi moja yenye jina linaloeleweka, iitwe na tukio la change na iitwe pia na msimbo unaofungua taarifa za zamani. Mpangilio nao uheshimiwe: weka mkoa, subiri halmashauri zijae, weka halmashauri, subiri kata zijae, ndipo uweke kata. Ukiweka kata kabla majina yake hayajafika, thamani haitashika.

Kusubiri huko kunatupeleka kwenye tatizo ambalo halionekani ofisini penye intaneti nzuri, bali linajitokeza kijijini ambako mtandao ni mzito. Karani anachagua Lushoto, fomu inaomba kata zake kutoka kwenye seva. Kabla jibu halijafika, anagundua amekosea na kuchagua Mkinga. Maombi mawili sasa yako njiani, na hakuna kanuni inayosema la kwanza litajibiwa kwanza. Likichelewa jibu la Lushoto, litaufuta ujazo wa Mkinga, na karani atakuwa na halmashauri ya pwani yenye kata za milimani. Vivinjari vina AbortController kwa kazi hii: kila ombi jipya likatishe lililotangulia. Hata hivyo, kwa fomu ya mkoa mmoja mimi siombi chochote kwa seva. Majina na namba za kata za mkoa mzima ni mepesi kuliko picha moja iliyopigwa kwa simu. Yapakie pamoja na ukurasa tangu mwanzo, na suala lote la kusubiri linaondoka.

Nawasihi vijana hao pia wasiibomoe orodha ya kawaida ya kivinjari kwa ajili ya urembo. Kipengele cha select, ambacho ndicho orodha hiyo, kimo katika HTML tangu toleo la 2.0 la mwaka 1995, na kwa muda wote huo vivinjari vimejifunza kukihudumia vizuri: simu hufungua kichaguzi chake kinachofaa kidole, kibodi huruka hadi jina ukiandika herufi zake za mwanzo, na programu zinazowasomea wasioona hutamka chaguo pamoja na nafasi yake. Orodha iliyochongwa kwa visanduku vitupu vya HTML viitwavyo div hupoteza yote hayo mpaka uyajenge upya, na wengi hawayajengi. Kujaribu kuficha machaguo kwa CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, badala ya kuyaondoa nako hakutegemeki, hasa kwenye kivinjari cha Safari.

Mwisho, kubana machaguo ndani ya ukurasa ni kumsaidia mtu asikosee tu, hakulindi data. Yeyote anayejua kufungua zana za kivinjari anaweza kuibadili thamani kabla ya kuituma, na kitufe cha kurudi nyuma nacho kinaweza kurejesha halmashauri ya awali huku kata ikiwa tupu. Seva ipokee namba ya kata, iitafutie halmashauri yake yenyewe, na ikiona haiwiani na ile iliyotumwa, irudishe fomu ikiwa na majibu mengine yote yaliyokwisha jazwa, huku orodha ya kata peke yake ikiwa wazi na maelezo mafupi kando yake.