Fundi Anajibu: Waya za Gia Ndani ya Fremu ya Mjomba

SWALI: Shikamoo fundi. Mjomba ameniachia baiskeli ya mbio aliyorudi nayo kutoka Italia miaka ya 1980. Ina kibandiko cha Columbus SL, yaani aina ya mabomba ya chuma ya fremu, na kebo za gia zinapita nje ya fremu. Nimenunua seti iliyotumika ya Shimano Ultegra Di2, ile inayobadilisha gia kwa umeme, ya waya, gia 11. Septemba 2025 nilikuwa Kigali kwenye mashindano ya dunia, nikaona baiskeli ambazo huoni waya hata mmoja, na yangu nataka iwe hivyo. Fundi mmoja wa hapa anasema atatoboa fremu kwa nusu saa tu. Nimkubalie? – Mpanda Mlima, Arusha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie asubiri. Kutoboa ni kwepesi. Ugumu ni kujua utoboe wapi, na bomba likishatobolewa pabaya hakuna dawa.

Zile za Kigali ziliumbwa kwa kaboni, njia za waya zikaachwa humo tangu kiwandani. Yako ni chuma chembamba kuliko unavyodhani: bomba kuu za Columbus SL zina unene wa milimita 0.9 miishoni na 0.6 tu katikati. Keekee isiguse hapo katikati kabisa.

Anza mezani. Unganisha seti nzima, betri, vishikio vya usukani vyenye vitufe vya gia, na vibadili gia vyote viwili, ubadilishe gia mpaka uridhike. Vifaa vilivyotumika havitabiriki, na fremu isitobolewe kwa ajili ya kifaa kibovu. Kisha pima nafasi ya gurudumu la nyuma. Fremu nyingi za wakati ule zina milimita 126, na gurudumu la gia 11 linataka 130. Chuma kinakubali kupanuliwa kiasi hicho, lakini kwa fundi wa fremu mwenye vipimo, atakayenyoosha pia sikio linaloshika kibadili gia. Kama utaipaka fremu rangi upya, haya yote yatangulie.

Sasa toa kranki na vikombe vyake, mulika ndani kwa tochi. Mara nyingi utakuta bomba la chini, la kiti na yale mawili ya nyuma yote yanafungukia humo. Ikiwa ni hivyo, umebahatika: hapo ndipo waya zote zitakapokutania. Betri ile ndefu nyembamba itaingia ndani ya nguzo ya kiti, ambayo kwa Columbus SL kawaida ni ya milimita 27.2, na waya wake utashuka moja kwa moja.

Matundu yanayohitajika ni matatu. La kwanza ni ubavuni mwa bomba la chini, karibu na kichwa cha fremu, palipo panene. La pili liko kwenye bomba la kiti, chini, nyuma ya kibadili gia cha mbele. La tatu ni kwenye bomba la nyuma la kulia, karibu na ekseli ya gurudumu. Milimita 6 zinatosha plagi kupita, na vizibo vya mpira vya kipimo hicho vinauzwa. Tundu liwe duara safi, ukingo upigwe msasa mpaka kidole kisikwaruzwe, kwa sababu ufa wa chuma huanzia kwenye mkwaruzo. Lile la bomba la chini mimi siliachi hivihivi: nataka kipande cha chuma kiungwe kulizunguka kwa madini ya fedha, yanayoyeyuka kwa moto mdogo kuliko shaba.

Kuvuta waya kuna hila yake. Sumaku wanazotumia kwenye kaboni zitakusumbua, maana zinanasa kwenye ukuta wa bomba. Funga kipande cha sponji kwenye uzi wa cherehani, kisukume tundu la juu, weka mashine ya kufyonza vumbi upande wa pili. Uzi ukitokea, ndio utakaovuta waya. Ndani ya bomba la chini uvishe waya sponji, la sivyo utagonga njia nzima. Pale kwenye kranki, waya upite nje ya ule mkebe wa plastiki unaofunika ekseli. Ukigusana na ekseli inayozunguka, utakatika.

Kisanduku cha kuchajia usikizike ndani ya fremu. Kina kitufe cha kurekebisha gia ya nyuma, na utakihitaji ukiwa barabarani. Kifunge chini ya shingo ya usukani. Kipande kifupi cha waya kitaonekana kutoka hapo hadi kwenye fremu. Mimi hakinisumbui hata kidogo.

Nikuambie kilicho moyoni? Fremu ya mjomba nisingeitoboa. Ningeuza seti hiyo nikadunduliza ya kampuni ya SRAM isiyo na waya, iliyotoka 2015, ambayo kila kibadili gia kina betri yake. Hata Shimano ya 2021, ambayo vishikio vyake havina waya, ingekupunguzia tundu la bomba la chini, lile linalonitia hofu zaidi. Ila uamuzi ni wako, na yeye alikupa baiskeli uiendeshe.

Ukimulika ukakuta mabomba ya nyuma yamezibwa, usitoboe chochote. Piga picha, unitumie kwanza.