Kununua Nyumba katika Makazi ya Wastaafu Marekani: Majibu kwa Wasomaji

Nina miaka 58 na mke wangu 49. Je, tutakubaliwa katika makazi ya "55 na zaidi"?

Kwa kawaida mtakubaliwa. Sheria ya shirikisho inataka angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa ziwe na mkazi mmoja aliyefikisha miaka 55, hivyo umri wako unatosha. Hata hivyo, baadhi ya makazi yameweka umri wa chini kwa mwenzi. Ulizeni pia kama mkeo ataruhusiwa kubaki iwapo utatangulia kufariki. Katika makazi ya miaka 62 na zaidi, kila mkazi lazima awe amefikisha umri huo.

Wajukuu wangu wanaweza kukaa nami?

Kutembelea wanaweza, kuhamia hawawezi. Katika Sun City, makazi ya wastaafu huko Arizona yaliyofunguliwa mwaka 1960, aliye chini ya miaka 19 haruhusiwi kuwa mkazi wa kudumu. Ikiwa upo uwezekano wa kumlea mjukuu, kama ilivyo desturi yetu, nakusihi usinunue huko.

Nimepata kondo (nyumba ya kumiliki ndani ya jengo la ghorofa) Florida yenye ada ndogo ya kila mwezi. Niharakishe?

Tafadhali usiharakishe, kwa maana ada ndogo huenda ikaonyesha kwamba chama cha wamiliki hakiweki akiba ya kutosha kwa matengenezo makubwa, na paa au lifti ikiharibika kila mwenye nyumba hudaiwa mchango wa ghafla ambao pensheni haiwezi kuumudu. Jengo la kondo katika mji wa Surfside, Florida, lilipoporomoka Juni 2021 na kuua watu 98, wamiliki walikuwa wakidaiwa michango mikubwa ya ukarabati uliocheleweshwa. Baada ya hapo Florida iliimarisha sheria za ukaguzi na akiba kwa majengo ya ghorofa tatu na zaidi. Omba bajeti, ripoti ya akiba na kumbukumbu za mikutano ya chama. Anayesita kukupa hati hizo, mwache.

Nikihitaji msaada wa kuoga na kuvaa, Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, italipa?

Hailipii uangalizi wa namna hiyo wa muda mrefu, na mengi ya makazi haya yana mabwawa ya kuogelea lakini hayana wauguzi. Basi uendapo kuiona nyumba, beba utepe wa kupimia: mlango wa bafu wenye nafasi chini ya sentimita 81 utakisumbua kiti cha magurudumu.